Daftari la Deni: Fundisho juu ya Umaskini wa Wakulima Weusi wa Alabama

Somo: Nehemia 5:1–13, Kumbukumbu la Torati 24:6



Katika sura ya tano ya kitabu cha Nehemia twasoma habari ya watu waliomlilia liwali wao. Hawakulia juu ya adui wa nje, bali juu ya ndugu zao wenyewe. Njaa ilikuwa imeingia katika nchi, nao waliweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka. Wengine walikopa fedha wapate kulipa kodi ya mfalme. Mwisho wake watoto wao walitiwa utumwani, wala wazazi hawakuweza kuwakomboa, kwa kuwa mashamba yalikwisha kuwa mali ya watu wengine. Nehemia hakuwaambia watu wale wafanye kazi zaidi. Aliwakasirikia waliowakopesha, akawataka warudishe mashamba na riba siku ile ile.

Mwezi huu twapenda kusoma habari ya watu wengine waliopatwa na jambo kama hilo, tena si zamani sana. Ni jamaa za watu weusi wakaao mashambani katika nchi ya Marekani, hasa katika wilaya ya Wilcox, jimbo la Alabama. Tumeichagua wilaya hiyo kwa sababu habari zake zajulikana vema, tena kwa sababu Kanisa la Kilutheri liliitwa huko kwa ajili ya umaskini wenyewe. Swali letu ni moja: Yawezekanaje mtu afanye kazi tangu alfajiri hata usiku, mwaka kwa mwaka, katika udongo mzuri, naye abaki maskini, na watoto wake baada yake?

1. Udongo mzuri na watu wasio na shamba

Katikati ya Alabama pana ukanda wa nchi wenye udongo mweusi, mzito, wenye rutuba. Kwa ajili ya udongo huo watu waliuita Ukanda Mweusi. Katika karne ya 19 Wazungu walikuja huko pamoja na watumwa wao ili kulima pamba. Mto Alabama hupita katika wilaya ya Wilcox, na mahali pamoja hupinda sana hata kuizunguka nchi pande tatu. Mahali hapo huitwa Gee's Bend, kwa jina la Joseph Gee, aliyeanzisha shamba hapo mwaka wa 1816. Mwaka wa 1845 shamba hilo lilipata bwana mwingine, Mark Pettway. Watumwa wake waliletwa kutoka North Carolina kwa miguu. Hata leo wengi wa wenyeji wa Gee's Bend huitwa Pettway. Walilipata jina hilo kwa bwana aliyewamiliki wazee wao.

Mwaka wa 1865 utumwa ulikomeshwa katika Marekani yote, na watu kama milioni 4 wakawa huru. Mwezi wa Januari mwaka huo Jenerali Sherman alikuwa ametoa amri kwamba mashamba ya pwani ya South Carolina, Georgia na Florida wagawiwe watu walioachwa huru, kila jamaa si zaidi ya ekari 40. Walakini kabla ya mwaka kwisha Rais Andrew Johnson alilitangua jambo hilo, na mashamba yakarudishwa kwa wenyewe wa kwanza. Huko Alabama hata ile amri haikufika. Basi watu wakawa huru pasipo shamba, pasipo nyumbu wa kulimia, pasipo mbegu wala nyumba. Kazi waliyoijua ni kulima, na ardhi yote ilikuwa mikononi mwa wale wale waliokuwa mabwana zao.

2. Jinsi daftari lilivyofanya kazi

Ndipo ikazuka desturi ya kulima kwa kugawana. Mwenye shamba alitoa ardhi, kibanda, nyumbu na mbegu. Mkulima alitoa nguvu zake, na nguvu za mkewe na watoto wake. Wakati wa mavuno pamba iligawanywa nusu kwa nusu. Ukiisikia hivyo, waweza kudhani ni mapatano ya haki. Walakini pamba hupandwa katika masika na kuvunwa katika vuli, na katika miezi ya katikati mkulima hana kitu. Ale nini? Watoto wavae nini? Ilimbidi kwenda dukani kukopa unga, mafuta, nyama ya chumvi, viatu na dawa. Na mwenye duka, ambaye mara nyingi alikuwa ndiye mwenye shamba, aliandika yote katika daftari lake. Dhamana ya deni ilikuwa ile pamba ambayo bado haijaota.

Tupige hesabu moja ndogo, ili jambo hili lieleweke. Hesabu hii ni mfano wetu tu. Mtu amevuna marobota 6 ya pamba, kila robota ratili 500. Bei ni senti 10 kwa ratili. Basi kila robota ni dola 50, na yote ni dola 300. Nusu ni ya mwenye shamba; mkulima amebakiwa na dola 150. Vitu alivyochukua dukani thamani yake kwa fedha taslimu ni dola 110. Kama angalikuwa na fedha mkononi, angaliondoka na dola 40. Lakini amekopa, na bei ya kukopa si bei ya fedha taslimu; vitu vile vile vimeandikwa dola 140. Juu yake imewekwa riba, dola 14. Jumla ni dola 154. Hata karani akiwa mwaminifu, asiongeze senti moja ya uongo, mtu huyo baada ya mwaka mzima bado anadaiwa dola 4. Nazo huandikwa katika ukurasa wa mwaka ujao.

Na kama karani si mwaminifu? Mkulima asiyejua kusoma hawezi kuuliza. Na ajuaye kusoma je? Katika nchi ile mtu mweusi aliyemwambia Mzungu kwamba hesabu yake si ya kweli alijitia katika hatari ya kufukuzwa, au kupigwa, au hata kuuawa. Katiba mpya ya Alabama ya mwaka wa 1901 iliwaondolea karibu watu weusi wote haki ya kupiga kura, kwa kodi na mitihani ya kusoma na masharti ya mali. Kwa hiyo hakimu, mkuu wa polisi na wakubwa wa shule waliwekwa pasipo wao. Palikuwa na sheria pia ya Alabama iliyomhesabu kuwa mdanganyifu mtu aliyepokea fedha ya mbele kisha akaacha kazi. Aliweza kuhukumiwa kwa sababu hiyo. Mahakama Kuu ya Marekani iliibatilisha sheria hiyo mwaka wa 1911, lakini hofu haikuondoka katika siku moja.

Tena daftari lilichagua mmea. Katika chuo cha Tuskegee, kilichoanzishwa mwaka wa 1881 huko huko Alabama chini ya Booker T. Washington, mwalimu George Washington Carver alifundisha kwamba pamba ikipandwa kila mwaka huidhoofisha ardhi, na kwamba yafaa kupanda kunde, karanga na viazi vitamu. Kuanzia mwaka wa 1906 gari la kuvutwa na wanyama lilipelekwa vijijini likichukua vyombo vya kilimo na mafundisho. Mafundisho yalikuwa mema na ya kweli. Walakini mkulima wa kugawana aliweza kuyasikia yote, akayasadiki, kisha akarudi nyumbani kupanda pamba mpaka mlangoni pa kibanda chake, kwa kuwa mwenye duka hakutaka dhamana nyingine ila pamba.

3. Mdudu wa pamba na shule ya Rosebud

Katika kijiji cha Rosebud, wilaya hiyo hiyo ya Wilcox, alizaliwa mwaka wa 1890 binti jina lake Rosa Young. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kimethodisti. Alisoma Selma, akamaliza mwaka wa 1909, akawa mwalimu. Aliona kwamba watoto wa wakulima weusi husoma miezi michache tu katika mwaka, na siku zilizobaki wamo pambani. Mwaka wa 1912 alifungua shule yake mwenyewe huko Rosebud akiwa na watoto 7. Wazazi waliipenda, na kwa muda mfupi watoto wakapita mia mbili.

Wakati huo mdudu mdogo, wa jamaa ya fukusi, alikuwa njiani. Mdudu huyo hutoboa vitumba vya pamba na kutaga mayai ndani yake. Alitoka Mexico akaingia Texas yapata mwaka wa 1892, akaendelea mashariki mwaka kwa mwaka, hata kufika Alabama yapata mwaka wa 1910. Mwaka wa 1914 aliharibu pamba ya Wilcox. Jamaa ambao hata katika mwaka mwema hawakubakiwa na kitu, sasa walikuwa na nini cha kulipa karo? Shule ilikuwa karibu kufungwa.

Rosa Young akamwandikia Booker T. Washington kuomba shauri. Naye akamjibu kwamba awaandikie Walutheri, waliokuwa na kazi ya misioni kati ya watu weusi. Akafanya hivyo, na Mchungaji Nils J. Bakke akatumwa kuja kuona. Shule ikapokelewa, na wakati wa Pasaka ya mwaka wa 1916 usharika wa kwanza ukaanzishwa huko Rosebud. Kutoka hapo kazi ikaenea. Rosa Young alisaidia kuanzisha shule na sharika nyingi katika Ukanda Mweusi, na mwaka wa 1922 chuo kikafunguliwa Selma. Aliendelea na kazi miaka mingi, akafariki mwaka wa 1971. Chuo cha Selma kilifungwa mwaka wa 2018.

Twamshukuru Mungu kwa habari hizi. Walakini yatupasa kusema kweli yote. Sharika hizo za watu weusi ziliwekwa mbali na sharika za Wazungu wa imani ile ile. Tena shule iliwafundisha watoto kusoma daftari, lakini haikuweza kulitoa daftari katika mkono uliolishika. Kijana aliyejua hesabu aliona waziwazi jinsi baba yake anavyonyang'anywa; akaweza kuihama nchi, kama walivyofanya maelfu kwa maelfu waliokwenda miji ya kaskazini, au akaweza kunyamaza. Kuijua haki na kuipata haki si jambo moja.

4. Mwaka wa 1932 katika Gee's Bend

Sasa turudi katika pindo la mto. Baada ya mwaka wa 1929 bei ya pamba ilianguka sana. Wakulima wengi wa Gee's Bend walikuwa wakikopa kwa mfanyabiashara mmoja wa Camden, mji mkuu wa wilaya, ng'ambo ya mto. Alikuwa amezoea kuwakopesha mwaka kwa mwaka, na deni lilikuwa likikua katika daftari. Mwaka wa 1932 alifariki. Warithi wake wakataka deni lote lilipwe mara moja.

Basi watu wakatumwa Gee's Bend wakiwa na magari. Wakachukua nyumbu, ng'ombe, nguruwe na kuku. Wakachukua majembe ya kukokotwa na magari ya kubebea. Wakachukua mahindi yaliyokuwa ghalani na viazi vitamu vilivyofukiwa kwa ajili ya baridi. Jamaa wakaingia katika majira ya baridi bila chakula wala chombo cha kulimia. Wakaishi kwa matunda ya mwituni, uwindaji na samaki, na kwa unga wa msaada uliotumwa na Msalaba Mwekundu.

Hapa ndipo ufaapo kukumbukwa ule mstari wa Kumbukumbu la Torati. Sheria ya Musa yakataza mtu kumtwalia mwenziwe jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa maana ni kumtwalia uhai wake. Kumbe Neno la Mungu lafahamu tofauti kati ya kudai deni na kumwua mdaiwa! Warithi wale walikuwa na daftari, na kwa sheria ya nchi daftari lilikuwa sahihi. Mbele za Mungu walichukua jiwe la kusagia.

5. Walipopata ardhi

Katika miaka iliyofuata serikali ya Rais Roosevelt iliwapa jamaa za Gee's Bend mikopo ya mbegu na vyombo, na mwaka wa 1937 ikalinunua shamba lote. Jamaa walikuwa kama mia. Zikajengwa nyumba za mbao, shule, duka la ushirika na mashine ya kuchambulia pamba. Kisha, katika miaka ya 1940, wakauziwa mashamba na nyumba hizo kwa mkopo wa riba ndogo. Watu ni wale wale. Mikono ni ile ile. Udongo ni ule ule. Kilichogeuka ni jina lililoandikwa juu ya hati ya shamba.

Matunda yake yakaonekana baada ya miaka ishirini. Mwanzoni mwa mwaka wa 1965 hapakuwa na hata mtu mweusi mmoja wa Wilcox aliyeandikishwa kupiga kura, ingawa weusi walikuwa wengi kuliko Wazungu. Walipoanza kudai haki hiyo, katika wilaya jirani ya Lowndes wakulima wa kugawana walifukuzwa mashambani na mabwana zao, wakakaa katika mahema kando ya barabara ya Selma na Montgomery. Watu wa Gee's Bend nao waliteswa. Kivuko cha kwenda Camden kilikuwa kimeondolewa mwaka wa 1962, hata safari ya dakika chache ikawa ya saa nzima kwa barabara, na kivuko hakikurudi mpaka mwaka wa 2006. Lakini wenye hati ya shamba hawakuwa na bwana wa kuwafukuza. Walisimama juu ya ardhi yao.

Mwaka wa 1966 wanawake wa sehemu hizo waliunda chama cha ushirika cha kushona mifarishi ya viraka, wakauza kazi zao miji ya mbali. Mama zao walishona mifarishi kama hiyo kwa nguo za kazi zilizochakaa, ili watoto wasife kwa baridi katika vibanda vyenye nyufa. Mwaka wa 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilianza kuonyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa, na watu wakastaajabu. Hakuna aliyeweza kusema tena kwamba watu wale walikosa akili au bidii.

6. Deni lililobaki

Tusidhani kwamba mambo yote yamekwisha. Wilcox yahesabiwa hata sasa kati ya wilaya zilizo maskini kabisa katika Alabama. Na ardhi iliyopatikana kwa taabu yaweza kupotea. Mwaka wa 1920 wakulima weusi wenye kusimamia mashamba katika Marekani, wa kukodi na wa kumiliki, walikuwa zaidi ya 900,000. Katika hesabu ya mwaka wa 2022 walikuwa chini ya 50,000.

Sababu ni nyingi: mashine, kuhama, na kunyimwa mikopo. Juu ya jambo hilo la mikopo wakulima weusi waliishtaki Wizara ya Kilimo, na mwaka wa 1999 yakafanyika mapatano ya kuwalipa fidia. Lakini sababu moja ni ya kimyakimya. Wazee wengi walikufa bila kuandika wosia, maana hawakuziamini mahakama. Shamba likawa la watoto wote kwa pamoja, kisha la wajukuu wote, waliotawanyika katika miji mingi. Mgeni mwenye fedha aliweza kununua fungu la mjukuu mmoja aliye mbali, kisha akaenda mahakamani kuomba shamba zima liuzwe. Likauzwa kwa bei ndogo, na mzee aliyekaa juu yake maisha yake yote akatolewa. Mwaka wa 2010 iliandikwa sheria ya mfano ya kuwalinda warithi kama hao, na Alabama ni moja ya majimbo yaliyoipokea.

7. Tujifunze nini?

Kwanza, tusiwe wepesi kumhukumu maskini. Twamwona mtu mwenye nguo zilizoraruka, twasema moyoni, Ni mvivu. Kabla ya kusema hivyo yatupasa kuuliza: Shamba alilimalo ni la nani? Deni lake liko kwa nani? Mavuno yake yalinunuliwa kwa bei gani, na kabla ya kuiva au baada yake? Nehemia alisikiliza kilio kwanza, akashauriana na moyo wake, ndipo akasema.

Pili, sadaka ni njema, na shule ni njema, wala tusiache moja kati yake. Unga ule wa mwaka wa 1932 uliokoa watu wasife. Shule ya Rosebud iliwafumbua macho watoto wengi. Lakini anayemgawia maskini unga, wala asiulize kwa nini ghala yake i tupu, amefanya nusu ya kazi.

Tatu, tuangalie madaftari yetu wenyewe. Je, katika sharika zetu hakuna Mkristo anunuaye mazao ya jirani yangali mashambani, kwa nusu ya bei, kwa sababu mtoto wa jirani ni mgonjwa? Hakuna mwenye duka aandikaye bei mbili, moja ya mwenye fedha na moja ya mwenye njaa? Hakuna ndugu aliyemtoa mjane wa nduguye katika shamba kwa sababu marehemu hakuacha maandiko? Wakubwa wale wa Yerusalemu walikuwa watu wa ibada, nao walinyamaza walipoulizwa. Hawakuwa na neno la kujibu. Baadaye walisema, Tutarudisha. Hilo ndilo neno tunalowaombea wote wenye daftari, na sisi wenyewe kwanza.

Maswali ya kuongoza mazungumzo katika sharika

1. Nehemia aliwataka wakopeshaji warudishe nini? Kwa nini hakutosheka na kuwataka wawahurumie maskini?

2. Katika hesabu ya dola 154, uovu uko wapi, ikiwa karani hakudanganya?

3. Katika nyumba ya mtu maskini wa siku zetu, jiwe la kusagia ni kitu gani?

4. Kwa nini mafundisho ya kilimo na ya kusoma hayakutosha huko Wilcox? Yalisaidia nini hata hivyo?

5. Wazee wa usharika wafanye nini, ili mashamba ya wajane na yatima yaandikwe vema wenyewe wangali hai?